Kafuri kwenye Kadi za Zainabu

Wanangu mnaoanza kazi ya kugonga kadi kwa mihuri, mtu asiwadanganye kwamba kitakachowatoka kwanza ni macho. Ni pua. Wino, spiriti ya kusafishia mihuri, gundi inayochacha kwenye kopo, vyote hivyo mtavivuta siku nzima mkiwa mmeinama, na baada ya miaka michache mtaweza kukaa karibu na samaki aliyeoza huku mkiulizana chai itaiva lini. Mimi pua yangu ilikufa nikiwa bado kijana, na wala sikujua. Hilo linanishtua mpaka leo. Mtu anapotewa na kitu chake mwenyewe, kiko katikati ya uso wake, na hana habari.

Jina langu Mwantumu, ila hapa Usagara wengi wananiita Mama Tumu. Kazi nimeiacha mwaka huu kwa sababu mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na muhuri hauelewani na mkono unaotetemeka. Unataka waridi, unapata uji. Mlipokuja wasichana watatu mkaniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau, nilikubali upesi, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Katikati ya habari za wino na raba kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, nami nilikuwa natafuta namna ya kuliruka. Nimeshindwa kuliruka. Litakuja mahali pake.

Kwanza niwaambie nani alinifundisha. Alikuwa Bi Shirin, mwenye duka la madaftari na kalamu hapa hapa Usagara. Asili ya babu zake ni Uhindini, lakini yeye na wazazi wake walizaliwa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga tupu, ukimsikia ukiwa nyuma ya pazia usingejua nani anasema. Chumba cha nyuma cha duka ndicho kilichokuwa karakana yetu. Tulitengeneza kadi za Idi, za harusi, za kumpongeza mzazi, za kumtakia mgonjwa afya. Nilikwenda kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nikidhani nitauza kalamu.

Siku ya kwanza alinipa muhuri, akaniambia nigonge. Nikagonga kwelikweli, meza ikaruka, kidau cha wino kikapinduka, na ua lililotoka lilikuwa na kivuli pande zote. Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Akasema sisi tunaita kugonga lakini hakuna kugonga. Muhuri unauweka, unausukuma chini wima, unahesabu moyoni mpaka tatu, unauinua wima. Usiutikise ati wino uingie pembeni. Ukiutikisa umekwisha. Na kabla ya kugusa kadi, jaribu mara tatu kwenye gazeti, kwa sababu mara ya kwanza wino huwa mwingi na ya pili huwa haujatulia.

Mihuri tuliichonga wenyewe. Nyinyi mnapeleka picha mjini, kijana anaitia kwenye mashine, na kabla hamjamaliza soda muhuri uko tayari, mistari myembamba kama unywele. Nilipouona wa kwanza nilikaa kimya nusu saa nzima. Sisi tulichonga soli za kandambili. Raba ya shuleni ni nzuri lakini ndogo, mpira wa tairi ni mgumu na unakunywa wino vibaya, kandambili ndiyo yenyewe, na lazima iwe mpya, maana iliyovaliwa imeshabonyea kisigino na vidole. Ukishachonga unaibandika kwenye kibao, unaiacha siku mbili. Ndala mpya nilizopata mimi zilikuwa za mama yangu. Alitoka bafuni siku moja akiwa amevaa kandambili yenye tundu la waridi katikati, akanyamaza, na mama yangu akinyamaza nyumba nzima ilikuwa inatafuta pa kwenda.

Muhuri unageuza kila kitu. Kilicho kulia kwenye raba kinatoka kushoto kwenye karatasi, na hili hata mtu mwenye akili analisahau. Mwaka wangu wa pili nilichonga mkono ulioshika dele, lile birika la kahawa, ukimimina kwenye kikombe. Niliuchonga vizuri mno, hata kucha zilionekana. Nikagonga kadi hamsini za Idi. Mteja alikuwa mwalimu wa madrasa. Akachukua moja, akaitazama, akaiweka chini taratibu, akaniuliza kwa upole kama kwetu mgeni humiminiwa kahawa kwa mkono wa kushoto. Nilihisi damu yote inapanda masikioni. Bi Shirin alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la madaftari, kisha akachukua wembe akaukata mkono wote, likabaki dele na kikombe, dele linajimiminia lenyewe. Kadi zile ndizo zilizopendwa kuliko zote, na muhuri ule tuliutumia miaka na miaka. Kwa hiyo kabla hujachonga, weka kioo mbele ya mchoro wako, uangalie kwenye kioo.

Sasa wino na mvua. Tanga hii wakati wa masika karatasi ya manila inakunywa unyevu mpaka inalegea kama chapati, na wino unakaa juu bila kukauka. Tia matone mawili ya glisirini kwenye wino wakati wa jua, lakini masika usitie hata moja. Kadi zianike moja moja kwenye kamba kwa vibanio, na usizirundike mpaka uzipitishie mgongo wa mkono usione alama. Za unga wa dhahabu ndiyo kazi. Unagonga, unanyunyiza unga wino ukiwa mbichi, unakung'uta, kisha unapitisha kadi juu ya pasi ya mkaa, mbali kidogo, mpaka unga uyeyuke ung'ae. Ukizidisha sekunde karatasi inakuwa kahawia. Nimeunguza nyingi, na kila moja ilinishtua kama ya kwanza.

Adui yetu mkubwa alikuwa wadudu. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, na hakuna kitu mende na vile vidudu vyembamba vya kabatini wanakipenda kama gundi ya muhogo. Kwa kadi za kawaida tulitia mrututu kidogo kwenye gundi, ule unga wa buluu, na wadudu hawakuigusa. Lakini mrututu unaacha ubuluu kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo kadi za harusi hatukuzitia. Kadi za harusi zilikuwa hazina ulinzi, na harusi ndizo zinazoagizwa mapema na kukaa muda mrefu.

Hapa ndipo nilipotaka kuruka.

Kulikuwa na jirani yetu, Bi Saumu, aliyefiwa na mumewe, Omari, baada ya kuugua muda mrefu. Kabla hajafa, Omari alikuwa ameshapokea posa ya binti yao wa pekee, Zainabu, na akampa mkono mchumba. Maradhi yakaingia katikati, kisha msiba, kisha eda ya mama, na Zainabu akakaa anangoja bila kulalamika. Bi Saumu alipoona wakati umefika alimwagiza Bi Shirin kadi mia mbili, Bismillahi juu, maua ya waridi pembeni, dhahabu. Harusi ilipangwa baada ya mvua. Tukazigonga kabla ya masika ili dhahabu ishike vizuri, tukazitia kwenye bahasha, tukazifungia kwenye sanduku la bati zikae miezi mitatu.

Mimi nikawa na hofu ya wadudu. Mwaka uliotangulia walitutobolea kadi thelathini za mtu. Nikamkumbuka kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Amani, kule msituni, ya kutunza majani na maua yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Alinisimulia kwamba baadhi ya karatasi zile ni za zamani kuliko babu yetu na hazina tundu hata moja, kwa sababu makabatini wanaweka kafuri. Nikaona nimepata dawa. Sikumwambia Bi Shirin, nilitaka nimshangaze mvua zikiisha.

Nikaenda kununua kafuri kwa muuza ubani. Wengine wanaiita karafuu maiti, na mtoto yeyote wa pwani anajua kazi yake. Inatiwa kwenye maji ya mwisho ya kumuoshea maiti, na inapakwa kwenye sanda. Muuzaji alinifungia kwenye karatasi, akaniambia, "Pole sana, dada." Mimi nilikuwa na haraka, akili yangu yote iko kwa mende. Nikamwitikia, "Ahsante."

Mnaweza kuamini? Mtu ananipa pole mkononi, nami naipokea, naondoka nayo.

Nikachana pembe ya kanga yangu kuukuu, nyekundu yenye michoro ya korosho, nikaifunga kafuri ndani kwa fundo langu ninalolifunga mimi, mara mbili na ncha imefichwa ndani, nikalisukuma chini kabisa ya sanduku. Kafuri ni kitu cha ajabu, wanangu. Haigeuki maji. Inapotea hewani kidogo kidogo, unaweka pande, unarudi baada ya miezi hukuti kitu, imekwenda kuingia kwenye kila kilicho karibu. Na hakuna kitu kinachovuta harufu kama karatasi.

Mvua zikaisha. Siku ya kuchukua kadi, shemeji yake Bi Saumu alipita dukani na baiskeli akielekea Pongwe, kwa hiyo nilifungua sanduku, nikatoa bahasha za Pongwe, nikamtilia kwenye mfuko wa nailoni. Zilikuwa safi, hakuna hata tundu. Nilifurahi. Mimi na Bi Shirin tuliinama pamoja juu ya sanduku lile, tukazisifu, na pua zetu mbili hazikusikia kitu. Wino ulishazimaliza zote mbili. Bi Saumu akachukua sanduku likiwa na kufuli, akaliweka kwake mpaka Ijumaa, siku ambayo kina mama wangekusanyika wagawane mitaa ya kualika.

Ijumaa hiyo alasiri nilikuwa nyumbani kwake. Nilikuwa nimepeleka bahasha tano tulizozisahau. Wanawake kama kumi wamekaa mkekani, Zainabu anawapa chai, sanduku liko katikati bado limefungwa. Tukasikia kilio nje.

Alikuwa Bibi Mwanakombo, mama mzazi wa marehemu Omari, ametoka Pongwe. Macho yake hayakuwa yakiona tena, jirani yake alikuwa amemshika mkono. Kanga ameifunga kiunoni, nyingine kichwani, analia kilio cha msibani chenyewe. Akasimama mlangoni akauliza, "Nambieni, wanangu. Nani keshatutoka?"

Tulimtazama, tukatazamana. Zainabu aliweka birika chini akamwendea, akamwambia, bibi, sote wazima. Bibi akampapasa uso, mabega, mikono, kama anayehesabu vipande vyake. Kisha akachomoa kadi kifuani.

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Shemeji aliacha kadi mkononi mwake Ijumaa hiyo asubuhi akakimbilia shamba, na hapakuwa na wa kumsomea. Lakini alimwambia kuna jina la Mungu juu, na bibi akafanya kama wazee wetu wote wanavyofanya na karatasi yenye jina hilo. Aliibusu, akaipandisha kwenye paji la uso. Ilipopita puani alisikia harufu aliyoisikia mara ya mwisho kwenye sanda ya mwanawe. Hakungoja kusomewa.

Bi Saumu aliipokea kadi ile, akainusa. Rangi ilimtoka. Akafungua kufuli, akainua kifuniko cha sanduku, na nikaona kitu ambacho nikikifikiria mpaka leo mwili unanisisimka. Wanawake wote kumi walirudi nyuma kwa pamoja, mikono puani, mmoja akaanza kusoma Innaa lillahi. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa pale pale. Sikusikia kitu. Nilikuwa naziona nyuso zao zinabadilika, nami nanusa kwa nguvu zangu zote, hamna. Ndipo nikakumbuka pole ya muuza ubani.

Bi Saumu alikaa chini sakafuni, akasema kwa sauti ya chini, "Omari hataki. Mume wangu hataki harusi hii."

Wenye kujua dini walimwambia aache hayo, maiti hatumi kadi. Hakusikia. Akasema apelekwe mtu kwa kina bwana harusi awaambie basi, na aende sasa hivi kabla ya magharibi. Zainabu alikuwa amesimama pembeni, mikono bado ina majimaji ya kusuuzia vikombe. Hakulia. Alikuwa amengoja mpaka kungoja kwenyewe kumekuwa tabia yake, na nilimwona anajiandaa kungoja tena, pengine milele. Mimi ndiye niliyekuwa na neno moja la kumwokoa, na neno hilo halikutoka.

Mtu akaenda kumwita Bi Shirin. Alikuja na miwani yake ya kazini, vidole vina wino mwekundu. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akatia mkono kati ya bahasha mpaka chini, akakaa hivyo kitambo akituangalia. Kisha akautoa mkono, akauingiza kwenye mfuko wa gauni.

Bi Saumu akamuuliza, "Nani aliyetia kitu hiki?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Mimi," akasema Bi Shirin. "Niliogopa wadudu, Saumu. Marehemu hana neno na harusi hii."

"Wewe ni Muislamu, Shirin. Umeosha maiti pamoja nami. Ulipoishika mkononi hukukumbuka?"

"Sikukumbuka. Nisamehe."

Bibi Mwanakombo ndiye aliyeingilia. Akauliza, kwa hiyo si Omari? Wakamwambia si yeye, ni mende. Akavuta pumzi, akafungua kanga ya kiunoni, akaomba chai. Kuna waliocheka kwa woga. Bi Saumu hakucheka. Alisema harusi itakuwapo, lakini kadi za Shirin hazitaingia tena nyumbani kwake, na kadi mpya anataka mkono mwingine uzitengeneze. Akanigeukia mimi.

Nilizigonga kwa siku mbili, kadi mia mbili, kwa mihuri ya Bi Shirin, mezani kwa Bi Shirin, na yeye amekaa pembeni akinikatia karatasi. Nilitaka kusema. Nilijiambia nitasema nikimaliza. Nilijiambia pia kwamba labda yeye kweli anadhani ilikuwa kosa lake, maana kabatini kwake alikuwa na vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kufukuzia wadudu. Siku ya tatu, nilipoletewa sanduku la bati nilisafishe, nilitafuta lile fundo. Halikuwamo. Kafuri inapotea hewani, hilo najua, lakini kitambaa hakipotei. Nikajiambia limeanguka. Ukitaka kujidanganya hukosi maneno.

Zainabu aliolewa vizuri, kwa vigelegele. Na mji ukaanza kusema. Wakaziita kadi za Bi Shirin kadi za sanda. Hawakumgombeza, walimpita tu. Aliyekuwa na harusi alikuja kwangu, eti mkono wa Tumu ni safi. Nikafungua kibanda changu, nikapata jina, nikasomesha watoto wangu kwa kazi ile. Bi Shirin akabaki na madaftari na kalamu. Wakati mwingine yeye mwenyewe ndiye aliyewaelekeza wateja kwangu. Nilipokwama na wino nilikwenda kumuuliza, akanifundisha, na chai juu. Mnaniona mwanamke wa maana mnayetaka kujifunza kwake. Mjue hayo yamesimama juu ya nini. Nimeona aibu miaka ishirini na zaidi, na aibu yenyewe haijapungua hata kidogo.

Alipohamia Dar es Salaam kwa mwanawe, nilimsindikiza stendi. Nikajikaza nikaanza, "Bi Shirin, yale ya kafuri..." Akanikata, akasema kafuri gani, hebu nishikie mfuko huu usianguke. Basi likaondoka. Nilifurahi, wanangu. Nilidhani amesahau.

Amefariki mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Mkwewe alikuja Tanga akaniletea kasha la mbao, akasema marehemu aliusia lije kwangu. Ndani mlikuwa na mihuri yetu yote, kila mmoja amefungwa kitambaa kisafi. Waridi la harusi. Dele lisilo na mkono. Nililia na kucheka pale pale. Nikaitoa mmoja mmoja mpaka chini kabisa ya kasha, na chini kabisa palikuwa na pande la kanga nyekundu yenye korosho, imefungwa fundo mara mbili, ncha imefichwa ndani.

Sijui niliketi muda gani. Alilitoa mbele ya macho yetu sote akalitia mfukoni, na aliijua kanga ile kwa sababu alikuwa akiiona mabegani mwangu kila siku. Alikuwa anajua wakati anasema "mimi". Alikuwa anajua akinikatia karatasi, akiniletea wateja, akinipa mfuko nimshikie. Na hakuwahi kulifungua fundo.

Wiki hiyo hiyo Zainabu alinijia. Bintiye anaolewa, baada ya mvua, kama mama yake. Alitaka kadi za zamani, za mkono, za waridi na dhahabu. Nikamwambia mimi siwezi tena, lakini nina wasichana watatu. Naam, ndiyo nyinyi. Kisha nikampa lile fundo, nikamwomba anifungulie, vidole vyangu vimeshindwa. Alihangaika nalo, akatumia meno, likafunguka. Kitambaa kilikuwa kitupu, kimekunjamana tu.

Akaniuliza, "Mlikuwa mna nini humu, Mama Tumu?"

Nikamwambia kafuri. Nikamwambia ni ya kadi zake. Nikamwambia na iliyobaki, yote, kama nilivyowaandikia hapa. Alikunja kile kitambaa akanishika mkono unaotetemeka, akaniinua, tukatoka kwa miguu mpaka kwa mama yake.

Bi Saumu amezeeka, lakini kumbukumbu zake ziko pale pale. Alikuwa barazani anachambua mchele. Zainabu alimwekea kitambaa kwenye ungo, juu ya mchele, akarudi nyuma akaniacha. Bi Saumu alikigeuza, akakipeleka puani, ingawa hakikuwa na harufu tena. Akaniangalia. Akauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya chini.

"Nani aliyetia kitu hiki?"

"Mimi," nikasema.

Nilingoja anifukuze. Kisha akauliza Shirin kazikwa wapi, nikamwambia Dar es Salaam. Akauweka ungo chini, akapangusa mikono, akamwambia Zainabu amletee buibui lake.